Miksa Iliyozeeka: Itengenezwe au Ibadilishwe?

Swali: Miksa ya kanisa letu, Yamaha LS9, hujizima katikati ya ibada, na feda mbili zimekwama. Tununue mpya?

Jibu: Msinunue bado. LS9 ilitoka mwaka 2006, na kwa umri huo huchoka kwanza kapasita za pawa saplai na feda zenye mota, vitu ambavyo fundi makini hubadilisha bila kugusa bodi kuu. Mtasema vipuri vimeadimika. Ni kweli, lakini feda huweza kutolewa kwenye miksa mbovu ya aina hiyohiyo. Bodi ya kuchakata sauti ikiungua, hapo ndipo ningewashauri muachane nayo. Kwa hiyo fundi aifungue kwanza, apime volti za pawa saplai mashine ikiwa imeshapata moto, ndipo mjadili bei.