Somo la Wiki: Remmy Ongala na Kiswahili Chake



Darasani watoto huchekana: "Hicho Kiswahili cha Kongo!" Mwenzake anajibu, "Na chako cha Mombasa!" Anayechekwa hunyamaza, kisha anahamia Kiingereza. Hapa Sydney, mtoto akishahamia huko, kumrudisha ni kazi. Kwa hiyo leo tumsome Remmy Ongala.

Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mashariki ya Kongo. Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kupiga muziki na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Baadaye akaongoza Super Matimila, akipiga gitaa, akitunga na kuimba. Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Kongo, wala hakukificha. Watanzania walimpenda kwa sababu aliwasemea wanyonge. Mwaka 1988 bendi ilialikwa Ulaya kwenye matamasha ya WOMAD, na mwaka 1989 ikatoa albamu Songs for the Poor Man. Alifariki Dar es Salaam Desemba 2010. Mpaka leo ukipanda daladala utasikia kituo kinaitwa "Sinza kwa Remmy".

Kwa darasa la wakubwa

UKIMWI ulipokuwa ukienea, Remmy aliimba "Mambo kwa Soksi". Soksi hapo ni kondomu. Redio ya taifa ilikataa kuupiga wimbo huo, lakini ujumbe ulifika. Mimi ni muuguzi, najua faida ya fumbo kama hilo: linampa mtu njia ya kusema jambo la aibu. Mgonjwa akikosa neno hukaa kimya, na ugonjwa haumsubiri.

Msamiati

Mnyonge: mtu asiye na uwezo wala mtetezi.
Fumbo: maneno yenye maana iliyofichwa.
Ladha: utamu wa chakula, pia namna ya pekee ya kusema.

Maswali

1. Remmy alitoka wapi, na alihamia wapi?
2. Kwa nini alisema "soksi" badala ya kutaja kitu chenyewe?
3. Tunga sentensi mbili ukitumia "mnyonge" na "fumbo".

Kazi ya nyumbani

Muulize mama, baba, bibi au babu neno moja linalosemwa kwao tu. Lilete Jumamosi, tuliandike ubaoni. Hakuna kuchekana, tutajifunza maneno ya wote.