Frenchi ya Jeli: Mstari Ukipinda, Picha Inakuumbua

Leo ni zamu ya wale mnaotafuta wateja kwa stetasi ya WhatsApp na Instagram, mpo Sindeni, Handeni mjini au Korogwe. Mteja wa Korogwe hapandi gari kuja Sindeni kwa sababu umemwambia unajua. Anapanda kwa sababu ameona picha. Na frenchi ndo inayomuumbua fundi haraka kuliko zote. Nyekundu inaficha mengi, nyeupe juu ya waridi haifichi kitu. Akivuta picha kwa vidole viwili tu, kashaona kona moja imepanda kuliko mwenzake.

Ule upinde kati ya nyeupe na waridi, geuza kidole ncha iangalie chini utaona umekaa kama mdomo unaocheka. Ndo maana unaitwa mstari wa tabasamu. Halafu msidanganywe na jina, mtindo huu haukutoka Ufaransa. Anayetajwa kuuanzisha ni Jeff Pink wa kampuni ya ORLY, Marekani, miaka ya 1970, alipotafuta kucha za waigizaji wa Hollywood zitakazoendana na kila nguo. Bibi harusi wa kwetu anaipenda kwa sababu hiyohiyo: gauni jeupe sawa, kitenge sawa, hina sawa.

Kazi huharibika kabla hata hujafungua nyeupe. Ukucha uliopigwa msasa upande ukawa mfupi, hata uchore kwa rula utaonekana umepinda. Sawazisha kwanza, sukuma ngozi ya mwanzo wa ukucha, paka bezi, kausha, paka waridi tabaka mbili nyembamba, kausha kila moja. Hapo wengi wanarukia nyeupe. Subiri. Futa ule ulimbo unaonata juu kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha pitisha msasa laini kidogo sana. Sasa ukikosea utafuta nyeupe na waridi itabaki salama.

Nyeupe iwe ile nzito ya kuchorea. Ya kawaida ya chupa, kwa joto letu la mchana, inatiririka kabla hujamaliza. Na chupa usiiweke dirishani, jua linagandisha jeli humohumo ndani.

Sasa mstari. Usianze katikati! Weka kitone kimoja kila kona, pale nyeupe itakapoanzia, kisha mgeuze mteja kidole kiangalie uso wako uone kama viko sawa. Hapa ndo pa kupoteza muda, kwa sababu kona zikilingana kazi kubwa imeisha. Weka kitone cha tatu katikati, karibu zaidi na ncha. Egemeza kidole chako kidogo mezani, vuta brashi nyembamba kutoka kona hadi katikati, kisha kona ya pili hadi katikati. Geuza kidole cha mteja, mkono wako ubaki palepale. Jaza juu ya mstari, halafu chukua brashi bapa iliyolowekwa spiriti na kukamuliwa, pitisha chini ya mstari mara moja. Hiyo ndo inayoleta ule ukali kama umekatwa na wembe. Ingiza kwenye taa sekunde 5 hadi 10 nyeupe isitembee, nenda kidole kinachofuata. Ukitumia dakika 5 kurekebisha kila ukucha, vidole 10 ni dakika 50, na mteja wa pili kashaondoka.

Kwa kucha fupi, nyeupe iwe nyembamba na upinde uingie ndani pembeni. Nyeupe nene iliyonyooka inafanya kidole kionekane kifupi.

Malizia kukausha kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha topu, na ipitishe hadi kwenye ukingo wa ncha. Nyeupe inazuia mwanga, kwa hiyo tabaka nene hukauka juu tu, chini bado mbichi. Vile vitaa vidogo vya kuchomeka kwenye pawabenki vina nguvu ndogo, kuwa makini navyo. Jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara inaleta mzio, na mzio huo ukishaupata huwa hauondoki, wewe fundi ukiwa wa kwanza kuupata.

Jambo lingine wauzaji wanalisahau: wateja wetu wengi wanaswali. Jeli inazuia maji ya udhu, na haitoki kirahisi. Mwambie mapema, usisubiri aulize akiwa kashalipa. Mpe frenchi kwenye kucha za kubandika, avae kwa sherehe na kuvua. Hizi unazichora usiku bila mteja kukusubiri, unazirudia mpaka kona zilingane, na zinasafiri kwa basi bila shida. Kabla hujachora mwombe picha ya vidole pembeni ya rula, kila kidole kina upana wake. Seti isiyomkaa itarudi na nauli ni yako.

Picha ya kuposti piga mlangoni kwenye kivuli, jua la moja kwa moja linaunguza nyeupe. Simu iwe juu ya kucha, sio pembeni, na vidole vinne vionekane pamoja. Mwombe mteja ruhusa kwanza.