Kamera Ionayo Uwanja Mzima Huenda Isimtambue Hata Mtu Mmoja



Maduka, maghala na nyumba nyingi katika miji yetu ya mpakani sasa zina kamera za ulinzi. Tunawapongeza waliozifunga. Hata hivyo, tumeona mara kwa mara kwamba mwenye mali huuliza bei ya kamera na kusahau kuuliza kuhusu lenzi yake. Somo la leo linahusu jambo hilo, nasi tutalianza kwa tukio.

Mfanyabiashara mmoja alivunjiwa ghala usiku. Kamera yake, iliyofungwa kwenye kona ya paa, ilirekodi yote: uwanja, malori yaliyoegeshwa, na watu watatu wakitoa magunia katika mlango uliokuwa umbali wa mita 15. Tulipoitazama picha hiyo, nyuso zao zilikuwa madoa matupu. Lakini kabla hatujafika, majirani walikwisha kuitazama na kukata kauli kwamba mmoja wao ni kijana mchukuzi kutoka ng'ambo ya mpaka, eti kwa sababu ya koti lake. Kijana huyo aliponea chupuchupu mikononi mwa umati. Baadaye ilithibitika kwamba usiku ule alikuwa hospitalini akimuuguza mama yake.

Kamera ile ilikuwa nzima. Lenzi yake ndiyo haikufaa kwa kazi iliyotakiwa.

Urefu wa fokasi ni nini?

Ndani ya kamera, lenzi hukusanya mwanga na kuuangusha juu ya kibamba kidogo kiitwacho kihisi, ambacho hutengeneza picha. Umbali kutoka katikati ya lenzi hadi mahali ambapo miale itokayo mbali hukutana huitwa urefu wa fokasi, nao hupimwa kwa milimita. Ndiyo maana kamera huandikwa 2.8mm, 4mm, 6mm au 12mm.

Ili kulielewa jambo hili, simama karibu kabisa na dirisha la nyumba yako: utauona uwanja wote hadi barabarani. Kisha rudi nyuma hatua tatu: dirisha ni lile lile, lakini sasa unaona sehemu ndogo tu ya uwanja. Fokasi fupi ni kama kusimama karibu na dirisha. Fokasi ndefu ni kama kurudi nyuma. Tofauti ni kwamba kamera huitandaza ile sehemu ndogo hadi ikajaza picha nzima, na hivyo kilichomo huonekana kikubwa zaidi.

Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha umbali kwa upana wa kihisi, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi. Tuchukue kihisi cha inchi 1/3, ambacho upana wake ni karibu milimita 4.8. Kwa umbali wa mita 10, upana wa eneo litakaloonekana ni huu:

Lenzi ya 2.8mm: mita 17 hivi
Lenzi ya 4mm: mita 12
Lenzi ya 6mm: mita 8
Lenzi ya 8mm: mita 6
Lenzi ya 12mm: mita 4

Kwa nini eneo pana huficha uso?

Picha hujengwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Kamera nyingi huwa na pikseli 1920 kwa upana, na idadi hiyo haiongezeki eneo likipanuka. Katika tukio letu, lenzi ilikuwa ya 2.8mm. Kwa umbali wa mita 15, pikseli hizo ziligawanywa katika upana wa karibu mita 26, yaani pikseli 75 hivi kwa kila mita. Uso wa mtu ukaambulia pikseli 12 tu.

Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi cha mwaka 2014 kilitaka pikseli 250 kwa kila mita ili mtu asiyefahamika aweze kutambuliwa kwa uhakika. Kwa kamera tuliyoieleza, zidisha milimita za lenzi kwa 1.6 upate umbali wa mwisho, kwa mita, wa kumtambua mtu. Lenzi ya 2.8mm hukoma karibu mita 4.5, ya 4mm, mita 6.4, ya 8mm, karibu mita 13, na ya 12mm, mita 19. Hayo ni katika mwanga wa kutosha. Gizani umbali hupungua.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, amua unataka kujua nini. Ukitaka kujua kama kuna mtu uwanjani, lenzi pana yafaa. Ukitaka kujua ni nani, elekeza lenzi ya fokasi ndefu kwenye mlango au lango ambalo kila mtu hana budi kulipita. Penye uwezo, funga zote mbili.

Pili, pima kwa hatua umbali kutoka kamera hadi mlangoni kabla ya kununua. Kama huna hakika, chagua lenzi inayorekebishika, mathalani ya 2.8 hadi 12mm.

Tatu, ijaribu usiku. Mwombe ndugu yako asimame mlangoni, kisha utazame kama uso wake unatambulika. Usitegemee kuikuza picha baadaye, kwani kukuza hakuongezi pikseli ambazo hazikurekodiwa.

Nne, usiielekeze kamera kwenye madirisha au ua wa jirani. Faragha yake ni haki yake.

Mwisho, uhalifu ukitokea, usifute wala usisambaze picha. Piga 999, au ilete kituoni pamoja na kifaa kilichoirekodi. Sisi wa pande mbili za mpaka tunauziana, tunaoleana na kuzikana. Doa lisilo na uso lisitufanye tumhukumu mwana wa jirani.