SOMO: Tulinde mahali pa kutegea boti kabla hapajauzwa



Mwanzo wa mwezi wa Mei 2023, mafuriko yaliharibu Bushushu na Nyamukubi, katika teritwari ya Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa, na barabara ikakatika. Siku kama hiyo, njia inayobaki ni ziwa. Tena ndugu zetu wa Idjwi wako kisiwani: nanasi zao hazifiki Bukavu bila mtumbwi ao boti.

Lakini boti itategea wapi? Tuangalie Bukavu yetu. Sehemu nyingi unaona ziwa kwa macho, ila huwezi kulifikia, sababu parsele zimeshuka mpaka majini. Vijijini bado tuna nafasi. Tukiiuza leo, kesho hatutapata franka za kuinunua tena.

Sheria ya udongo ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa tu haki ya kuutumia. Basi, kusema "hapa ni pa babu zetu" hakutoshi. Inafaa kuandikisha.

Tufanye nini?

1. Tupime mwisho wa mvua, wakati maji yamepanda. Ukipima kiangazi, alama zako zitamezwa na ziwa.

2. Tulinde njia pia. Bandari isiyo na njia ya kuishukia ni kazi bure. Watu wawili wenye mizigo kichwani wapishane bila shida.

3. Tusilime mpaka majini. Udongo unaoteremka unajaza bandari, boti zinakwama. Tuache matete, tupande miti pembeni.

4. Tuite mkutano: wavuvi, wenye boti, mama wanaouza mazao, na majirani wa mashamba. Mwenye shamba akiombwa kutoa kipande, tupatane naye kwanza, tusimnyang'anye.

5. Tuandike mapatano mbele ya chefu wa kijiji, pamoja na mashahidi. Kopi moja ibaki kwa kooperative, nyingine iende sheferi, kisha tuulize ofisi ya kadastre namna ya kuendelea.

Maulizo ya kuzungumza katika kikundi:

– Kwetu boti zinategea wapi? Nani anadai udongo huo?
– Tukipapoteza, mama atabeba gunia lake mpaka wapi?
– Nani kati yetu ataenda kuona chefu, na siku gani?

Msifunge mkutano kabla ulizo la mwisho halijapata jibu.