Unapolala, Unaposhinda: Jinsi Safari za Mombasa Zinavyohesabiwa

Usiku wa Agosti 24, 2019, makarani wa sensa walianza kuhesabu kila mtu mahali alipolala. Kaunti ya Mombasa ilipatikana na watu 1,208,333. Kisauni iliongoza kwa watu 291,930, ikifuatwa na Likoni (250,358), Nyali (216,577), Jomvu (163,415), Mvita (154,171) na Changamwe (131,882).

Mgeni akisoma takwimu hizo pekee atadhani kisiwani, yaani Mvita, hakuna shida kubwa ya barabara, kwa kuwa wanaolala huko ni wachache. Mkaazi aliyewahi kusubiri feri Likoni saa moja asubuhi, au kukwama daraja la Nyali, anajua ukweli. Maelfu hulala ng'ambo na kushinda kisiwani, kwenye afisi, maduka na masoko.

Kwa hivyo wanaopanga barabara na usafiri wa umma huhitaji hesabu mbili kwa kila eneo: wangapi wanaishi pale, na kuna kazi, shule, hospitali na biashara ngapi za kuwavuta watu. Hesabu ya kwanza huonyesha safari zinakoanzia asubuhi, na ya pili zinakoelekea.

Hesabu hizi hupangwa kwa kanda. Mji hugawanywa vipande vidogo, na kila kipande huhesabiwa kana kwamba safari zake zote huanzia nukta moja katikati. Hapo ndipo mstari kwenye ramani unapoweza kumfaidi mkaazi au kumsahau. Tuseme Kisauni nzima imefanywa ukanda mmoja. Mwakirunge yenye mashamba, Mtopanga yenye nyumba zilizobanana na Shanzu yenye hoteli zote zitakuwa kitu kimoja. Zaidi ya hayo, safari inayoanza na kuishia ndani ya ukanda mmoja haiwekwi kwenye barabara yoyote katika hesabu. Mtu anayetoka Mwakirunge kwenda kazini Bamburi kila siku atakuwa, kwa karatasi, hajapita barabara hata moja. Barabara yake itaonekana haina watu, na isiyo na watu haipewi kipaumbele.

Ndiyo maana kanda nzuri huwa ndogo mahali penye watu wengi, na hushika eneo lenye matumizi ya aina moja. Mipaka yake hufuata vizuizi halisi kama barabara kuu, reli na maji. Hakuna maana ya kuunganisha ng'ambo mbili za mkono wa bahari wakati watu wake hawawezi kuvuka bila daraja au feri. Pia hufuata mipaka iliyotumiwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), ili takwimu za sensa ziingie bila kukatwakatwa. Wanaoingia kutoka Mtwapa, Ukunda au Mariakani hupewa kanda zao za nje, kwa sababu msongamano hautambui mpaka wa kaunti.

Takwimu zikishawekwa, hesabu hupitia hatua nne: safari ngapi zinatoka kila ukanda, zinakwenda ukanda upi, kwa chombo gani, na kwa njia ipi. Utaratibu huu ulianza kushika mizizi Marekani miaka ya 1950, katika miji kama Chicago, ambako magari ya kibinafsi yalikuwa mengi. Hapa kwetu hatua ya chombo ndiyo ngumu zaidi. Chukua mfano wa mama wa Mtongwe anayeuza samaki Marikiti. Anapanda bodaboda hadi kivukoni, anavuka kwa feri kwa miguu, kisha anachukua matatu. Akiulizwa "unaenda kazini kwa nini?" akajibu "matatu", bodaboda na feri zimepotea. Na kama kibanda chake hakimo kwenye orodha ya biashara zenye leseni, kazi yake pia imepotea, ingawa ndiyo inayomvusha kila siku.

Sensa haiulizi haya yote, ndiyo sababu hufanywa mahojiano ya nyumba kwa nyumba. Maswali huhusu idadi ya watu wanaoishi pamoja, wanaofanya kazi, wanaosoma, kama kuna gari au pikipiki, na mapato. Swali la mapato huwatia wengi wasiwasi kuhusu kodi. Kwa takwimu zinazokusanywa na KNBS, Sheria ya Takwimu ya 2006 inakataza kutoa habari za mtu binafsi bila idhini yake. Kinachotumika ni jumla ya ukanda.

Mkaazi akihojiwa, ataje safari zote za siku iliyotangulia, kila chombo alichopanda na saa aliyoondoka. Kumpeleka mtoto shuleni kwa miguu nako ni safari.