NYUMBA NJEMA SI MLANGO: BAKTERIA NA MAJI YA RANGI

Wengi wetu tukisikia neno bakteria tunawaza kuhara, kipindupindu na sindano. Leo nataka kuwatetea baadhi yao, kisha nieleze jinsi walivyokaribia kuniponza.

Nyanya yangu, kule Ukambani, husuka vyondo. Mkonge huuchemsha katika rangi ya pakiti, na maji yanayobaki alikuwa akiyamwaga mtaroni, karibu na pale mbuzi wanywapo. Likizo ya Agosti nilimwuliza, "Nyanya, hii rangi huenda wapi?" Akacheka. "Si inaenda na maji, mjukuu wangu!" Jibu hilo lilininyima usingizi.

Rangi ya kwanza ya viwandani kupata umaarufu ilitengenezwa na kijana Mwingereza, William Henry Perkin, mjini London mwaka wa 1856. Alikuwa na miaka 18 tu, akitafuta dawa ya malaria! Siku hizi kundi kubwa zaidi ni la rangi za azo. Ndani ya molekuli zake mna atomi mbili za nitrojeni zilizoshikana kama pingu. Rangi hizi zimeundwa zisichujuke kwa sabuni wala jua. Kwa hivyo, zikifika mtoni, hukaa. Mwangaza hushindwa kupenya, na mimea ya majini haiwezi kujitengenezea chakula.

Hapo ndipo bakteria huingia. Baadhi ya bakteria wa udongoni, kama vile Pseudomonas na Bacillus, wana vimeng'enya vinavyoikata pingu hiyo. Kazi hii huenda vizuri mahali pasipo na hewa ya oksijeni, kwa sababu oksijeni hunyakua elektroni ambazo zingetumika kuikata. Pingu ikikatika, rangi hutoweka.

Basi, nilirudi shuleni na chupa ya maji ya nyanya. Mwalimu wa Biolojia akanisaidia kutayarisha chupa tatu zenye sukari kidogo, chakula cha bakteria. Ya kwanza tulitia tope la kidimbwi tukaifunga kabisa. Ya pili tulitia tope lile lile tukaiacha wazi na kuitikisa kila siku. Ya tatu tulitia tope lililochemshwa, tukaifunga. "Ati ya nini hiyo ya tatu?" nikauliza. Mwalimu akanijibu kuwa tope lenyewe laweza kufyonza rangi, nasi tukawasifu bakteria bure.

Baada ya wiki moja, chupa ya kwanza ilikuwa karibu nyeupe. Ya pili ilikuwa imefifia kidogo tu, na ya tatu vivyo hivyo. Nilirukaruka kwa furaha! Nikasema nitamwambia nyanya achimbe shimo la tope, kisha maji yakishatakata awape mbuzi.

Mwalimu akaniangalia. "Nani amekuambia yametakata?"

Kumbe pingu ikikatika, vipande viitwavyo amini hubaki. Havina rangi, lakini baadhi yavyo ni sumu, na vingine vyaweza kuleta saratani. Ndiyo maana kazi hufanywa kwa hatua mbili: kwanza tangi lisilo na hewa, ili rangi ikatwe, kisha tangi linalopulizwa hewa, ambamo bakteria wengine huvila vile vipande. Hata hivyo, si vyote hulika, na chumvi nyingi inayotumiwa viwandani huwadhoofisha wafanyakazi hawa wadogo. Lazima maji yapimwe.

Naam, wahenga walisema nyumba njema si mlango. Nilikuwa tayari kuwanywesha mbuzi wa nyanya sumu isiyoonekana, badala ya ile inayoonekana.

Nyanya hana tangi. Lakini sasa maji ya rangi huyatumia tena kwa fungu la pili na la tatu la mkonge, na mabaki huyamwaga mbali na mtaro. Nawe msomaji, ukiona maji meupe, usiseme ni safi. Uliza kwanza.