Hakuna Makadirio, Hakuna Spana

Kijitabu cha elimu kwa umma: haki zako unapopeleka gari katika karakana ya kampuni iliyokuuzia

Kwa nini tumeandika kijitabu hiki

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu kuhusu karakana za kampuni zinazouza magari yanafanana kama mapacha. Mwenye gari alipeleka gari kwa sevisi ya kawaida. Alitajiwa bei kwa mdomo. Jioni akakabidhiwa ankara iliyozidi ile bei mara mbili au tatu, na funguo zikabaki upande wa pili wa kaunta mpaka alipe. Alilipa, kwa kuwa kesho yake alihitaji kufika kazini. Kisha akatujia.

Swali letu la kwanza kwake huwa moja: makadirio uliyopewa yako wapi? Jibu nalo huwa moja: hakuna karatasi.

Tunajua wasomaji wetu wamechoka kuambiwa wana haki. Wapo wanaoona vijitabu vya namna hii ni vya kupamba meza za ofisini, na wapo wanaoamini sheria ni ya wenye mawakili. Tupe dakika kumi tu. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima inayohusu matengenezo ya magari. Inamlinda mtu yeyote aliyesimama kwenye kaunta ya karakana bila kujua tofauti ya bushi na beringi. Imekuwepo miaka yote hiyo, na wengi wanaotujia hawajawahi kuisikia.

Onyo la kwanza, ambalo pia ni la mwisho

Usikabidhi funguo za gari lako kwenye kaunta yoyote kabla ya kupewa makadirio ya maandishi.

Hata kama karakana ina sakafu ya vigae, kahawa ya bure na intaneti. Hata kama anayekupokea mnasali pamoja. Hata kama umekuwa mteja wao kwa miaka mitano bila kinyongo. Hakuna makadirio, hakuna spana. Utaliona onyo hili tena na tena katika kurasa hizi, na tumelirudia kwa makusudi.

Mtego unavyotegwa

Tuchukue mfano. Mwalimu anafika karakana saa mbili asubuhi. Mshauri wa huduma anamkaribisha vizuri, anajaza kadi ya kazi: kubadilisha oili, filta ya oili, ukaguzi wa kawaida. "Itakuwa kama elfu kumi na nane hivi, Mwalimu." Mwalimu anatia sahihi chini ya ukurasa. Kati ya ile kazi ya mwisho iliyoandikwa na sahihi yake kuna mistari saba mitupu.

Saa tano yuko darasani, simu inatetemeka mfukoni. Anasogea mlangoni. "Mwalimu, pole kwa kukusumbua. Fundi ameona pedi za breki za mbele zimeisha na diski zimeanza kulika. Filta ya hewa nayo ni chafu sana. Tuendelee?" Nyuma yake wanafunzi arobaini wameshaanza kelele. Anasema, "Sawa, endeleeni," anarudi ubaoni.

Jioni ankara inasoma Sh58,400. Anaomba aonyeshwe pedi zilizotolewa. "Zimeshatupwa, Mwalimu." Na ile mistari saba ya kadi ya kazi sasa imejaa, juu ya sahihi yake mwenyewe.

Huenda pedi zilikuwa zimeisha kweli, na yule fundi amemwepusha na ajali kwenye mteremko. Huenda pia zilikuwa na miezi kadhaa ya kazi ndani yake. Mwalimu hatajua kamwe. Karakana nayo, hata kama ilisema kweli tupu, haina cha kumwonyesha. Atatoka pale akiamini ameibiwa, na ndugu zake wote wataambiwa hivyo hivyo. Mkweli na mwongo wamevaa nguo moja kwa sababu hakuna aliyeandika.

Elewa pia kazi ya pale kaunta. Katika karakana nyingi mshauri wa huduma hupimwa kwa mauzo. Kazi ya fundi nayo mara nyingi hutozwa kwa saa zilizopangwa kwenye mwongozo, ambazo si lazima zilingane na saa ya ukutani. Kazi iliyopangiwa saa tatu hulipiwa saa tatu, hata fundi hodari akiimaliza kwa saa moja na nusu. Hilo peke yake si wizi. Lakini mtu asiyejua hivyo atadhani ameibiwa, na mtu asiye na karatasi hawezi kujua ni saa ngapi alizotozwa.

Sheria inasema nini

Kwa maneno mepesi:

- Makadirio kwanza. Karakana haipaswi kukutoza kazi yoyote kabla ya kukupa makadirio. Ukiyakataa kwa hiari yako, lazima uwe umetaja kiwango cha juu kabisa unachokubali kulipa, na ankara isikipite.
- Asilimia 10. Ankara haipaswi kuzidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Ulikadiriwa Sh20,000? Mwisho ni Sh22,000.
- Idhini. Kazi ambayo hukuiidhinisha haina malipo. Idhini isiyo ya maandishi haina nguvu mpaka iwe imewekwa kwenye kumbukumbu kwa utaratibu uliowekwa.
- Ada ya makadirio. Karakana ikitaka kutoza ada ya kuchunguza gari na kukadiria, sharti ikuambie mapema, na itaje kiasi. Ukiidhinisha kazi na ikafanywa, ada hiyo haitozwi.
- Spea zilizotolewa. Karakana sharti ijitolee kukurudishia.
- Dhamana ya kazi. Spea zilizofungwa, pamoja na kazi ya kuzifunga, zina dhamana ya siku 90 au kilomita 5,000, kutegemea kipi kitatangulia.

Hatujakuandikia sheria nzima. Kampuni zenye magari mengi na mikataba maalumu ya matengenezo zisome mikataba yao, na mwenye gari lililo bado chini ya waranti ya mtengenezaji asome kijitabu cha waranti, kwa kuwa spea zilizobadilishwa bure huenda zikahitajika kurudi kiwandani. Kwa mwananchi wa kawaida anayelipa kutoka mfukoni, hayo sita hapo juu yanatosha kuanzia.

Namna ya kusimama kaunta

1. Eleza tatizo kwa maneno yako, na uhakikishe yameandikwa hivyo hivyo. "Gari linavuta kushoto nikikanyaga breki" ni maelezo. "Angalia breki" ni hundi uliyoacha bila kiasi.

2. Omba makadirio yenye mistari mitatu kwa kila kazi: spea ipi na ya bei gani, saa ngapi za kazi, jumla ngapi. Uliza, "Hii jumla ni pamoja na VAT?" Usione haya. Asilimia 16 ya Sh20,000 ni Sh3,200, na wengi wanaodhani wameongezewa bei njiani waliongezewa hapo. Jumla iandikwe kodi ikiwa ndani.

3. Uliza spea ni halisi kutoka kwa mtengenezaji au ni za kampuni nyingine. Zote zaweza kuwa nzuri, ila bei zake hazifanani. Jibu liandikwe.

4. Kabla ya kutia sahihi, piga mstari wa mshazari kwenye sehemu yote iliyobaki wazi, kuanzia chini ya kazi ya mwisho hadi kwenye sahihi yako. Ndivyo unavyofanya kwenye hundi. Kalamu moja, sekunde mbili.

5. Andika kwa mkono wako: "Spea zote zilizotolewa nirudishiwe." Piga picha ukurasa wote.

Tumewahi kukaa na wenye magari, tukasoma nao ankara mstari kwa mstari, na tunajivunia kazi hiyo ya maafisa wetu. Lakini hakuna afisa anayeweza kusoma karatasi ambayo haikuandikwa. Hakuna makadirio, hakuna spana.

Simu ya saa tano

Hapa ndipo tunapoogopa zaidi, maana hapa hata waangalifu huanguka. Asubuhi ulifanya kila kitu sawasawa. Sasa simu imelia, uko kazini, uko ndani ya matatu, uko hospitali na mtoto, na sauti ya upole inakuuliza, "Tuendelee?"

Usijibu ndiyo. Usijibu hapana. Jibu: "Asante kwa kunijulisha. Niandikie kwa ujumbe kazi, spea, bei na jumla pamoja na kodi. Nitumie na picha."

Picha ina kazi yake. Pedi mpya ya breki ya gari dogo kwa kawaida ina unene wa takriban milimita 10 hadi 12, bila kuhesabu bamba la chuma lililo nyuma yake. Ikibaki kama milimita 3, wakati wake umefika. Fundi akiweka rula kando ya pedi na kupiga picha, mjadala umekwisha, na huhitaji kuwa makanika kusoma rula. Filta ya hewa ikiinuliwa kwenye mwanga, utaona kama mwanga unapenya. Betri hupimwa kwa mashine inayotoa matokeo. Karibu kila dai la karakana lina kipimo chake, na karakana ya kweli hupenda kuonyesha kipimo.

Onyo la upande wa pili: kutoamini kusikufanye mkaidi. Breki, usukani na matairi havisubiri ugomvi wenu uishe. Picha ikionyesha pedi imebaki bamba, idhinisha kwa maandishi siku hiyo hiyo, au lichukue gari kwa kuvutwa upate maoni ya fundi mwingine. Usiliendeshe. Kuna kazi nyingine, kama kusafisha injini kwa dawa au kuongeza kemikali kwenye mafuta, ambazo zinaweza kungoja ukasome kitabu cha gari lako. Mtengenezaji ameandika humo sevisi inayotakiwa kila baada ya kilomita kadhaa. Kisichokuwemo, uliza kwa nini unauziwa.

Spea za zamani ni zako

Sheria haikuishia kusema urudishiwe. Inataka spea zilizotolewa kwenye gari lako zitengwe na za magari mengine, na ukiziomba upewe katika chombo safi. Kwa hiyo "zimeshatupwa" si jibu. Ukiambiwa hivyo, waambie waliandike kwenye ankara na wagonge muhuri.

Hutaki uchafu nyumbani? Sawa. Zitazame pale pale, zipige picha, uziache. Sanduku la spea za zamani kwenye kiti cha nyuma limemaliza magomvi mengi kuliko barua yoyote tuliyowahi kuandika.

Neno kwa karakana

Mmetumia pesa nyingi kwa mashine za uchunguzi na kwa mafunzo ya mafundi. Mnalalamika kwamba wateja wanawakimbia wakimaliza waranti na kuwapelekea magari mafundi wa jua kali. Wengi wao hawakimbii bei peke yake. Mteja huyo huyo atalipa fundi wa kando ya barabara kwa sababu pale anasimama kando ya gari lake, anaona nati ikifunguliwa, anashika kilichovunjika kwa mkono wake. Kwenu amewekwa nyuma ya kioo.

Mwonyesheni. Makadirio ya maandishi yanawalinda na nyinyi pia, maana mteja naye husahau alichoidhinisha, na wapo wanaokana kabisa. Ankara ya kielektroniki ya kodi (eTIMS) yenye kazi na spea zilizoorodheshwa ni ushahidi wenu. Anayeona ni usumbufu kumwandikia mteja ajue kwamba sheria haikumpa hiari.

Ukikosewa

Ukikuta ankara imezidi, usijaribu kulichukua gari kwa nguvu wala kwa hila. Utajiingiza matatani. Omba kuonana na meneja, mwonyeshe makadirio na ile asilimia 10. Ikibidi ulipe ili upate gari, andika juu ya ankara "Nimelipa huku nikipinga," tia tarehe, piga picha. Kisha fuata hatua hizi:

- Peleka malalamiko ya maandishi kwa kampuni, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.
- Usiporidhika, peleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo sheria yake ya 2010 inahusu pia ulinzi wa watumiaji. Ukishuku umefungiwa spea bandia, iarifu Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi.
- Madai yasiyozidi Sh1,000,000 unaweza kuyapeleka Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza vikao Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupewa habari za kutosha kuihusu. Popote utakapokwenda na haki hiyo, utaulizwa lile swali tulilokuuliza mwanzo: makadirio yako wapi?

Kata kadi hii uiweke kwenye droo ya dashibodi

*Kabla ya funguo:* makadirio ya maandishi, kodi ikiwa ndani.
*Kabla ya sahihi:* mstari wa mshazari kwenye nafasi tupu.
*Simu ikilia:* "Niandikie, nitumie picha."
*Wakati wa kuchukua gari:* spea za zamani mkononi, ankara mkononi.
*Siku 90 au kilomita 5,000:* tarehe ya leo ______ kilomita za leo ______

Jaza mstari huo wa mwisho kabla hujatoka getini.